Mama Yuko Kiti cha Nyuma

Ofisi ya leseni ilikuwa na madirisha manne na mhudumu mmoja, na huyo mmoja alikuwa anakunywa chai. Dereva alisimama kwenye foleni tangu geti lilipofunguliwa, bado amevaa koti jeupe la kiwanda cha mikate, unga umejaa kwenye mikunjo ya viwiko. Alipofika mbele, mhudumu aliweka kikombe juu ya leseni yake, akabonyeza kompyuta kwa kidole kimoja, akasoma, akaendelea kunywa.

"Leseni haitoki," alisema. "Una kosa la barabarani halijafungwa."

"Kosa gani?"

"Hapa pameandikwa kosa. Hapakuandikwa gani. Nenda mahakamani ukalifunge, uje na karatasi yao. Anayefuata."

Ndivyo watu wa madirisha wanavyoongea, na ukiona umewazoea jua umeharibika. Dereva alichukua leseni yake, sasa ikiwa na duara la chai katikati ya picha, akatoka nje. Hakuhitaji kuambiwa ni kosa gani. Katika maisha yake yote ya usukani aliandikiwa kosa mara moja tu, siku aliyokuwa anamkimbiza mama yake hospitali, na mama hakufika akiwa hai. Kwenye msiba ule nani angekumbuka habari za mahakama? Miaka sita ilipita bila mtu kumuuliza, akadhani limekufa kimyakimya.

Mwenye kiwanda alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi. Leseni isipopatikana, funguo za gari la mikate zingekwenda kwa shemeji wa huyo mwenye kiwanda, kijana ambaye hajawahi kurudi nyuma bila kugonga kitu, lakini leseni anayo. Dereva alikuwa na watoto wawili shuleni. Alikuwa pia na mume wa zamani, ambaye hakutegemeka hata alipokuwa mpya.

Njia panda aliposimamishwa siku ile ilikuwa na mstari mweupe unaoigawa. Makosa ya juu ya mstari yalikwenda mahakama ya upande wa juu, ya chini yakaenda mahakama ya upande wa chini, na gari lake lilisimamishwa magurudumu ya mbele yakiwa yamevuka mstari, ya nyuma bado. Karani wa mahakama ya juu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, asije akalazimika kumkaribisha kiti. Alisema uzito wa gari uko nyuma, kwa hiyo kosa ni la chini. Karani wa chini alisema gari huongozwa na magurudumu ya mbele, hata mtoto anajua, kwa hiyo kosa ni la juu. Wakampiga danadana wiki nzima. Kila aliporudi alikuta foleni ndefu kuliko aliyoiacha, na watu wakimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeirefusha.

Mara ya mwisho alimwambia karani wa chini kwamba haondoki, na akaegemea kaunta kwa mikono yote miwili. Karani alikuwa mtu mwembamba aliyevaa sweta kwenye joto. Alishusha pumzi, akaingia nyuma kwenye rafu, akakaa huko, akarudi na vumbi mabegani na bila faili.

"Halipo kwa sababu halijafika," alisema. "Na halijafika kwa sababu tukio halijaisha."

"Tukio la miaka sita?"

"Ulisaini karatasi ya askari?"

"Sikusaini. Nilikataa, mpaka akachoka akanitupia leseni nikaondoka."

"Sasa unatusumbua nini sisi?" Karani alijifuta vumbi. "Dereva akisimamishwa, tukio linaisha akisaini. Hukusaini, kwa hiyo bado umesimamishwa. Mko pale pale. Tena mnaziba barabara, malalamiko tunayapata sisi."

"Tuko pale akina nani?"

"Mliokuwepo."

"Na mgonjwa je?"

"Kama alikuwepo, yupo. Mama, kuna watu nyuma yako."

Tangu mazishi Dereva hakuwahi kupita tena ile njia panda. Gari la mikate alilizungusha kwa nyuma ya soko, akala mafuta ya kiwanda na masimango ya mwenye kiwanda, mradi asiuone ule mlingoti wa taa. Siku hiyo alikwenda kwa miguu, moja kwa moja kutoka mahakamani, na koti lake.

Gari lilikuwepo. Ni lile la marehemu baba yao, yeye na kaka yake, rangi ya maziwa, lenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Baada ya msiba walikuwa wameliuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Sasa lilikuwa limesimama juu ya mstari mweupe, taa za dharura zikiwaka na kuzima, na magari mengine yakilikwepa kushoto na kulia bila kupunguza mwendo. Pembeni, chini ya mwavuli, fundi viatu alikuwa anashona soli. Alimtazama Dereva, akatazama barabarani, akamtazama tena.

"Ndiye wewe," alisema. "Umenenepa."

"Wako hapa siku zote?"

"Siku zote. Mwanzoni watu walipiga honi. Siku hizi wanatukana tu."

"Na hakuna aliyewasaidia?"

Fundi viatu alikata uzi kwa meno. "Tuwasaidie vipi? Mambo ya mtu na askari hayaingiliwi. Wewe ungeingilia?"

Dereva alivuka mpaka katikati. Pale mbele ya boneti alisimama yeye mwenyewe, mwembamba zaidi, na sketi ya bluu, kiatu kimoja hakijafungwa mkanda kwa jinsi alivyotoka nyumbani mbiombio. Simu ilikuwa sikioni. Mbele yake alisimama askari wa barabarani, kijana wakati ule, anajipepea kwa leseni aliyomnyang'anya.

"Haraka haraka haina baraka, dada," askari alikuwa anasema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, afande. Nina mgonjwa ndani. Taa ilikuwa kijani, wewe mwenyewe umeiona."

"Mgonjwa yuko wapi?"

Askari alikwenda kwenye dirisha la nyuma, akainama, akatazama. Alitazama vizuri. Kisha akarudi, na akarudi polepole kuliko alivyokwenda.

"Kumbe una haraka ya kweli," alisema. "Basi ongea vizuri."

Kwa miaka sita Dereva alikuwa amejifariji kwamba yule mtu hakuelewa. Alijiambia labda jua lilipiga kwenye kioo, labda alidhani mama amelala. Sasa alikuwa amesimama karibu kiasi cha kunusa sabuni ya shati lake, akaona kwamba mtu huyo alielewa kila kitu, na alipoelewa ndipo bei ilipopanda. Alitaka kumkwida yule kijana pale pale. Lakini askari hakumgeukia, alikuwa na kazi yake, na Dereva alikuwa hana hata senti ya kuongea naye vizuri, leo kama siku ile.

Alifungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameegemea kioo, amejifunika shuka la kitandani, pumzi zake fupifupi zikikwama njiani. Alimtazama bintiye kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umenenepa," mama alisema. "Afadhali."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiki kiti kina chuma kinanichoma mgongoni. Tunamngoja nani?"

Dereva alimweleza. Mama alisikiliza huku akitafuta pumzi, na alipoipata hakuipoteza kwa kushangaa. Aliuliza tu kama kaka yake Dereva anajua.

Kaka yake hakuwa anajua, na kumpigia kaka yake ilikuwa shughuli. Toka msibani hawakuongea ila kwa lazima. Mbele ya waombolezaji wote, mama hajazikwa, kaka alikuwa amesimama na kusema kwa sauti kwamba dada yake alikuwa anabishana na askari wakati mama anakata roho. Neno hilo lilikwenda ukoo mzima, na hakuna shangazi ambaye hajalitumia. Wakati ule kaka alikuwa na duka la vipuri karibu kabisa na njia panda, na gari zima mlangoni. Angefika kabla chai haijapoa. Dereva alimpigia bila kujibiwa, naye baadaye alisema simu yake ilikuwa imeisha chaji. Baada ya mazishi alihamisha duka, hakuna aliyejua kwa nini, lile la zamani lilikuwa na wateja.

"Sema," kaka aliitika kwenye simu.

"Mama yuko njia panda. Kiti cha nyuma."

Kaka alikata simu, na jioni haijaingia akawa amefika. Aliwapita dada zake wote wawili, yule wa koti na yule wa sketi, kama nguzo za umeme. Aliingia kiti cha mbele, akageuka nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa wapi?"

Hapo simu ya kaka ililia mfukoni. Nje, mbele ya boneti, yule wa sketi alikuwa amebana simu sikioni, anasubiri. Kaka aliitoa simu, akalisoma jina la dada yake kwenye kioo, akaliangalia likiita mpaka likachoka. Akairudisha mfukoni. Ililia tena.

"Pokea simu," mama alisema.

"Si ya muhimu, mama."

Dereva alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele uliokuwa wazi. Kaka aliinua macho wakakutana, na wala hakuona haya. Alivuta mlango akaufunga.

Toka siku hiyo kaka alikuja kila siku. Alileta mto wa kuweka mgongoni mwa mama, akaleta kitambaa cha kumfuta jasho, akafunga duka mapema. Watu wa pale walimsifu, wakasema huyo ndiye mtoto. Fundi viatu alimtengenezea mkanda bure. Simu yake ililia muda wote aliokuwa ndani ya gari, naye akaizoea, akawa anapandisha sauti kidogo anapoongea.

Siku moja alimfuata Dereva kando ya barabara.

"Nasikia una mpango wa kusaini," alisema.

"Leseni yangu imekwama. Mwisho wa mwezi sina kazi."

"Usithubutu. Ukisaini gari linaondoka, na likiondoka unajua kitakachotokea. Utamuua mara ya pili. Mara ya kwanza tulikusamehe."

"Mlinisamehe lini?"

Kaka alifikiri. "Basi hatukukusamehe," alisema. "Ukisaini, usinihesabu kuwa ni ndugu yako."

Dereva alirudi nyumbani na neno hilo, akalala nalo. Huwezi kumweleza mtu kwamba unakufa njaa kwa ajili ya mama ambaye ameshazikwa, na huwezi kumweleza pia kwamba unamzika mama kwa ajili ya gari la mikate. Kila upande ungemuona mnyama. Kiwandani shemeji alikuwa ameshapewa funguo za majaribio, akagonga nguzo ya geti, na mwenye kiwanda akasema nguzo ilikaa vibaya.

Mama ndiye aliyelimaliza. Alimsubiri kaka aende kununua maji, akamwita Dereva kwa kidole.

"Kaka yako anakuja kila siku kunitazama ninavyokosa pumzi," alisema. Alipumzika, akaendelea. "Ananiwekea mto. Mimi sikuomba mto, niliomba kufika. Nimechoka kutofika, mwanangu. Mwambie yule binti asaini."

"Hasikii, mama."

"Hakuwahi kusikia. Mwambie nimesema mimi."

Dereva alikwenda mbele ya boneti. Yule wa sketi alimtazama kwa jicho ambalo Dereva alilijua, maana mwenye kiwanda alikuwa akimlalamikia kwa sababu ya jicho hilo hilo.

"Wewe nani tena?"

"Mimi ni wewe."

"Mimi sivai koti kama hilo."

"Utavaa. Ndilo linalolipa ada. Saini tuondoke."

"Taa ilikuwa kijani."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nikisaini nimekubali kwamba ilikuwa nyekundu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huyu mshenzi anashinda."

"Ameshashinda zamani. Siku hizi ana cheo." Dereva alimshika mkono, na mkono ulikuwa wa moto. "Mama amesema usaini. Kasema yeye, si mimi."

Yule wa sketi alianza kulia kwa hasira, na Dereva, aliyekuwa akijua kilio hicho kilivyo kitamu na kisivyosaidia, alimngoja amalize. Kisha yule wa sketi akachukua kalamu. Alisaini akiikandamiza mpaka karatasi ikachanika kona.

"Mngefanya hivi mapema," askari alisema, akamrudishia leseni.

Pale pale akawa Dereva mmoja tu. Alikuwa kwenye usukani, mkono tayari kwenye ufunguo, amevaa sketi ya bluu ya miaka ile, na zipu haikufunga kiunoni. Kaka alikuwa anarudi na chupa ya maji. Aliona taa za dharura zimezimwa, akakimbia, akaurukia mlango wa mbele gari likiwa limeanza kutembea.

"Umesaini," alisema.

"Funga mkanda."

Aliendesha kama siku ile, taa zote zimewashwa, honi mkononi. Walipita kituo cha mafuta, wakapita shule ya msingi iliyokuwa imefunga, wakapita ukuta mrefu wa ghala la saruji. Mama aliuliza, "Tumefika?" na Dereva akajibu, "Bado kidogo, mama." Baada ya ghala kulikuwa na kona, na baada ya kona kulikuwa na ukuta wa hospitali. Kaka aliuona ukuta, akageuka nyuma kutazama walikotoka. Mlingoti wa taa wa njia panda ulikuwa bado unaonekana juu ya mabati.

"Ni karibu hivi?" aliuliza.

"Ni karibu hivi."

Mama alivuta pumzi moja, ndefu kuliko zote za nyuma, na baada ya hapo hakukuwa na nyingine. Geti la hospitali lilikuwa mbele yao, liko wazi. Hata siku ile lilikuwa wazi.

Mhudumu wa mapokezi alikuja na kitanda cha magurudumu, akachungulia dirishani, akasonya.

"Huyu tulishampokea," alisema. "Mtu hapokelewi mara mbili."

Walipogeuka kumtazama, kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na shuka na mto. Kaka aliuchukua mto wake, akashuka, akaondoka kwa miguu bila kuaga. Gari lilikaa nje kwa Dereva usiku mmoja, na asubuhi mnunuzi wa chuma chakavu akalifuata na risiti yake, akadai tena kwamba limetumiwa bila ruhusa.

Faili lilifika mahakama ya upande wa chini. Karani wa sweta alilifuta kwa kiganja, akaonekana karibu kufurahi, kisha akajizuia. Siku ya kesi ukumbi ulijaa watu wa mikanda, watu wa mwendo kasi na watu wa tairi kipara, wote wakisubiri kuitwa na wote wakimchukia aliyetangulia. Anayewasomea mashtaka alikuwa askari yule yule. Siku hizi alikuwa na cheo begani na tumbo linalotangulia kuingia. Ndiyo maana wahenga walisema kesi ya ngedere hakimu nyani, ingawa kwa haki hakimu mwenyewe alikuwa mama wa watu mwenye mafua, ambaye alitaka tu kumaliza akanywe dawa.

Kosa lilisomwa: kupita taa nyekundu. Mshtakiwa alikuwa ameshakubali kwa sahihi yake, kwa hiyo hakuulizwa. Faini ilitajwa, Dereva akailipa kwa mshahara wa mwezi uliokuwa haujaisha. Ikabaki nafasi moja tupu kwenye karatasi, ile ya muda ambao dereva alishikiliwa barabarani. Hakimu alisema faili halifungwi na nafasi tupu.

"Ilikuwa muda gani, afande?"

"Dakika tano, mheshimiwa."

Ukumbini mtu alikohoa. Nusu ya waliokuwepo walikuwa wamelikwepa gari lile kwa miaka, na wengine waliwahi kulitukana wenyewe. Hakuna aliyenyanyua mkono. Kila mmoja alikuwa na kosa lake mbele, na askari ndiye atakayelisoma.

"Karatasi inaonyesha kuna shahidi," hakimu alisema. "Aliyekuwa kiti cha mbele."

Kaka alisimama. Alikuwa amevaa shati la kwenda mahali. Dereva hakuwa amemwita. Mahakama ilimwita yenyewe, kwa vile wakati wa kuondoka alikuwemo. Alikula kiapo kwa sauti nzuri.

"Shahidi, ulikuwemo ndani ya gari?"

"Nilikuwemo, mheshimiwa."

"Ulimwona mgonjwa?"

"Nilimwona. Ni mama yangu."

"Dereva alishikiliwa kwa muda gani?"

Kaka alimtazama askari. Kisha akamtazama dada yake, na safari hii alimtazama hasa, na Dereva akajua kwamba anajua. Alikuwa ameuona ukuta wa hospitali. Alikuwa ameuona mlingoti wa taa juu ya mabati. Alijua hakuna ubishi wowote uliomuua mama, na kwamba kama wangeachwa wapite, wangefika. Lakini kama dereva alishikiliwa muda mrefu, basi na simu nayo ililia muda mrefu, na mtu wa duka la vipuri angeulizwa alikuwa anafanya nini. Dakika tano zilimtosha kila mtu. Zilimtosha askari, na zilimtosha yeye.

"Sikuwa na saa, mheshimiwa," kaka alisema.

Saa ilikuwa mkononi mwake, kubwa, ya rangi ya dhahabu. Hakimu aliiona. Karani aliiona. Askari aliiona akainamisha uso kwenye makaratasi.

"Mshtakiwa," hakimu alisema, akipenga kamasi kwenye leso, "una pingamizi kuhusu muda? Unayo haki ya kupinga. Ukipinga, tukio linafunguliwa upya, na wahusika wote wanarudishwa njia panda mpaka muda halisi upatikane."

Dereva alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa na maneno ya miaka sita, yamejipanga, na ilikuwa imebaki kuyatoa tu.

"Wote?" aliuliza.

"Wote waliokuwepo."

"Hata mgonjwa?"

Hakimu alimgeukia karani, karani akaangalia faili, akatikisa kichwa kukubali. Kiti kile kilikuwa na chuma kinachochoma mgongo. Kaka alikuwa amekaa chini tena, ananyoosha kola.

"Sina pingamizi," Dereva alisema.

Karani aliandika dakika tano kwa wino mweusi, akaigeuza karatasi, akamwonyesha kwa kidole pa kusaini. Nyuma walikuwa wameanza kunung'unika kwamba anawachelewesha. Dereva alisaini haraka, mama asije akaitwa.